Ada Bure, Maisha kwa Fedha

Mkulima wa Kibaigwa hukadiria gharama kwa magunia ya mahindi. Mwanafunzi wa kidato cha sita atamaniye kusoma Ulaya hana budi kufanya vivyo hivyo, kwani neno "bure" hupotosha.

Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo kwa shahada ya kwanza, hata kwa wageni. Ila jimbo la Baden-Württemberg, tangu 2017, huwatoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, mwombaji wa viza sharti kwanza athibitishe fedha za kujikimu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka: huwekwa benki, na mwanafunzi huruhusiwa kuchukua 992 tu kila mwezi. Kigeuze kuwa shilingi, kisha ukigawanye kwa bei ya gunia sokoni Kibaigwa.

Uswidi ilianza kuwatoza wageni ada mwaka 2011, Ufini 2017, Norway 2023. Katika Jamhuri ya Cheki, vyuo vikuu vya umma havimtozi ada asomaye kwa Kicheki, awe raia au mgeni. Sharti hilo lisitutishe: Watanzania waliofadhiliwa kusoma Moscow katika miaka ya 1960 walianza kwa kujifunza Kirusi.