Makosa ya hospitalini: Kimya ndicho hatari kubwa zaidi

MAPEMA mwaka wa 2018, Wakenya walipigwa na butwaa habari zilipochipuka kwamba mgonjwa mmoja katika Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH) alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kichwa uliokusudiwa mwenzake. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo, ilhali wa pili alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji kisu. Madaktari waligundua hitilafu hiyo saa kadhaa baada ya kuanza upasuaji, walipoikosa damu waliyokuwa wakiitafuta.

Hatua zilizofuata ni zile zilizozoeleka. Daktari, wauguzi na mtaalamu wa nusukaputi walisimamishwa kazi, naye afisa mkuu mtendaji wa hospitali akaagizwa na Waziri wa Afya kwenda likizo ya lazima. Madaktari wenzake mpasuaji huyo walilalamika, wakidai kwamba alimhudumia mgonjwa aliyeletewa akiwa na lebo ya mtu mwingine.

Aghalabu kisa kama hicho kinapotokea, umma huuliza: nani aliyekosa? Wataalamu wa usalama wa wagonjwa hushauri kwamba swali jingine litangulie: kosa hilo lilipitaje kutoka wodini hadi kwenye meza ya upasuaji bila kuzuiwa na yeyote?

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alilieleza jambo hili kwa mfano wa vipande vya jibini vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Kila kipande ni kinga: lebo ya mgonjwa, faili yake, muuguzi anayempokea, daktari anayemkagua. Hakuna kinga isiyo na tundu. Madhara hutokea siku ambayo matundu yote yanalingana. Kumfuta kazi mtu wa mwisho kwenye mnyororo huo, pekee yake, huyaacha matundu mengine wazi yakimsubiri mgonjwa mwingine.

Tatizo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mgonjwa mmoja kati ya kila 10 hudhurika anapohudumiwa, na kwamba zaidi ya watu milioni tatu hufariki kila mwaka duniani kutokana na huduma isiyo salama. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuepukwa.

Lakini kosa haliwezi kurekebishwa iwapo halijulikani. Muuguzi wa zamu ya usiku anayewahudumia wagonjwa wengi peke yake anaweza kuchukua chupa ya dawa inayofanana na nyingine, kisha akashtuka kabla ya kudunga sindano. Mgonjwa amenusurika. Je, muuguzi huyo aseme? Iwapo anajua kuwa atakemewa mbele ya wenzake au kuandikiwa barua ya onyo, yamkini atanyamaza. Chupa hizo mbili zitaendelea kukaa pamoja kabatini, na huenda mwenzake wa zamu ya asubuhi asiwe na bahati.

Mnamo 1996, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichapisha matokeo yaliyokwenda kinyume na matarajio yake. Alikuwa akichunguza makosa ya utoaji wa dawa wodini, akidhani kuwa wahudumu wanaoelewana vyema wangekosea mara chache. Kumbe wodi zenye uongozi bora ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Wahudumu wa huko hawakuogopa kusema. Kwingineko, makosa yalifunikwa. Kwa hivyo, hospitali isiyo na ripoti hata moja haifai kupongezwa haraka.

Sekta ya usafiri wa ndege iling'amua hili mapema. Tangu 1976, marubani nchini Marekani huripoti hitilafu kwa siri kwa shirika la anga za juu, NASA, ambalo halina mamlaka ya kuwaadhibu. Aliyekosea bila kukusudia na kuripoti kwa muda uliowekwa anaweza kuepuka adhabu. Kinachotafutwa ni funzo.

Mafunzo hayo huzaa kinga zisizo ghali. Mnamo 2008, WHO ilizindua orodha ya ukaguzi wa upasuaji, inayowataka wahudumu wasite na kuthibitisha kwa sauti jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na sehemu itakayopasuliwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, ikiwemo Ifakara nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8.

Hata hivyo, kuwalinda wanaoripoti si kuwapa wazembe kinga. Mhudumu anayefika kazini akiwa mlevi, anayepuuza kanuni kwa makusudi au anayeghushi rekodi ili kuficha kosa anastahili kuchukuliwa hatua. Haki inadai kwamba kuteleza kwa binadamu kutofautishwe na ukaidi. Fauka ya hayo, mgonjwa aliyedhurika na jamaa zake wana haki ya kuelezwa ukweli na kuombwa radhi. Ripoti inayoishia katika ofisi ya msimamizi haiwafai.

Wagonjwa pia wana nafasi yao. Anayeitwa kwa jina lisilo lake, au anayepewa tembe asizozitambua, ana kila sababu ya kuuliza kabla ya kumeza. Nchini Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu hupokea ripoti kuhusu madhara ya dawa hata kutoka kwa wananchi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hospitalini, anayeumbuliwa na siri ya aina hiyo huwa si yule aliyeificha, bali ni mgonjwa atakayelazwa kesho.