Muhogo, Pumzi na Amana ya Mwili

Ni nadra, kutoka Diani hadi Msambweni, mwezi wa Ramadhani kupita bila muhogo wa nazi kuonekana kwenye futari. Chakula hiki tumekirithi kwa wazee wetu, nao walituachia pia masharti yake: muhogo mtamu humenywa na kuchemshwa hadi uive, muhogo mchungu hurowekwa, huanikwa na kutwangwa, ndipo uliwe. Leo wengi wetu tuna haraka, na masharti hayo twayaona kuwa mazoea ya kale tu. Wiki hii tumependa kueleza kwa nini wazee walikuwa na haki.

Mwanadamu huvuta pumzi usiku na mchana, lakini safari ya pumzi haiishii kifuani. Damu huichukua oksijeni na kuifikisha kwenye seli, zile chembe ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo. Ndani ya seli mna vijumba viitwavyo mitokondria. Sukari ya chakula, yaani glukosi, kwanza hukatwa vipande viwili nje ya vijumba hivyo, kisha vipande huingizwa ndani na kuvuliwa elektroni zake. Elektroni hizo hupokezanwa kama watu wanavyopokezana matofali kwenye ujenzi wa msikiti, na mpokeaji wa mwisho ni oksijeni. Nguvu inayopatikana njiani huhifadhiwa katika kitu kiitwacho ATP, ambacho kwacho moyo hupiga, misuli hukaza na ubongo hufikiri. Kwa glukosi moja, seli yenye oksijeni hupata ATP zipatazo 30. Isiyokuwa nayo huambulia 2 tu. Subhanallah!

Sasa turudi kwenye muhogo. Ndani yake mna linamarini, ambayo muhogo ukikatwa au kutafunwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sumu ya sayanaidi. Sumu hii humkamata mfanyakazi wa mwisho katika ule msururu, yule anayeikabidhi oksijeni mzigo wake. Akisimama yeye, msururu mzima husimama. Mgonjwa anavuta hewa, damu yake ina oksijeni, ilhali seli haziwezi kuitumia: mfano wa mwenye kiu aliyeketi ukingoni mwa kisima, na kamba imekatika.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza huko Kongo maradhi ya konzo, ambayo hupooza miguu ghafla na ulemavu wake hauondoki. Mwaka 1985, wakati wa ukame, maradhi hayo yalizuka Tarime, kwa jirani zetu wa Tanzania. Waliopatwa walikuwa wakila muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, bila kitoweo cha kutosha. Nasi watu wa Kwale twaujua ukame, hasa Kinango na Lunga Lunga. Na ukame wenyewe huzidisha sumu ndani ya muhogo.

Dawa ya wazee ilikuwa maji, jua na subira. Kuroweka kwa siku kadhaa hulainisha muhogo, sumu ikafunguka na kutoka kwa maji na kwa hewa. Basi muhogo usioujua asili yake usiukaange wala kuuchoma kwa kuonja bahati. Watoto watokao chuoni wasiachiwe kutafuna muhogo mbichi. Kisamvu kitwangwe vyema na kichemshwe sufuria ikiwa wazi. Unga wa muhogo mchungu waweza kuloweshwa, ukatandazwa mwembamba juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kabla ya kusongwa ugali. Tena tule pamoja na samaki au kunde, kwani protini yake huusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo.

Mtu akila muhogo kisha akapatwa na kizunguzungu, kutapika na kulegea, asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja, na waganga waambiwe alichokula.

Tumeamrishwa kula vilivyo halali na vilivyo vizuri. Muhogo ni halali. Kuufanya uwe mzuri ni kazi ya mikono yetu. Kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kushika sababu, na mwili ni amana tutakayoulizwa. Wabillahi tawfiq.