Namba ya Siri Iliyopotea Bado Imo Ndani ya Redio

Fundi anapofungua betri ya gari ili abadilishe alteneta, anakata pia umeme wa waya mmoja mwembamba ambao ufunguo wa gari hauuzimi kamwe. Ni waya wa moto unaokwenda moja kwa moja kwenye redio, kutunza saa na stesheni ulizohifadhi. Betri ikirudishwa, redio huikuta kumbukumbu hiyo imefutika. Haiwezi kujua kama aliyeikatia umeme ni fundi au mwizi, basi huandika CODE au SAFE kwenye kioo chake na kugoma kutoa sauti mpaka ipewe namba ya siri.

Kinga hii ilienea Ulaya katika miaka ya 1980 na 1990, redio za magari zilipokuwa zikichomolewa usiku na kuuzwa asubuhi. Namba yenyewe kwa kawaida ina tarakimu nne, yaani kuna michanganyiko 10,000 tu. Ni michache, na mtu mvumilivu angeweza kuijaribu yote kwa siku chache. Ndiyo maana watengenezaji waliongeza adhabu ya muda. Redio nyingi za Volkswagen za enzi hizo, kwa mfano, hukuruhusu kukosea mara mbili, kisha hujifunga kwa takriban saa nzima huku zikitaka ziachwe zimewashwa. Piga hesabu: majaribio mawili kwa saa ni saa 5,000, zaidi ya siku 208 mfululizo. Kinachoilinda redio hapo ni muda zaidi kuliko tarakimu.

Sasa, kama kukatika kwa umeme kunafuta stesheni, mbona hakufuti namba ya siri? Kwa sababu inakaa kwenye chipu ya aina nyingine. Ndani ya chipu hiyo mna visiwa vidogo mno vya silikoni vilivyozungukwa pande zote na tabaka jembamba la kihami. Volti kubwa kidogo hupenyeza elektroni hadi kwenye kisiwa, na volti ikiondolewa, elektroni zinabaki humo kama maji ndani ya chupa iliyozibwa. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1967 na Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs, Marekani, na ndilo lililozaa kumbukumbu za simu na flashi tunazotumia leo. Chaji hiyo hudumu miaka mingi bila betri yoyote. Kwa hiyo fundi wa elektroniki mwenye kifaa cha kusomea chipu anaweza kuifungua redio, kuunganisha nyaya kwenye miguu ya chipu na kuisoma namba.

Mara nyingi hata hilo halihitajiki. Katika redio nyingi, namba ya siri inahusiana na namba ya usajili iliyobandikwa ubavuni mwa redio. Redio kadhaa za Honda huionyesha namba hiyo ya usajili kwenye kioo ukibonyeza 1 na 6 kwa pamoja unapoiwasha. Kwenye Renault, herufi moja na tarakimu tatu za kwenye stika zinatosha kukokotoa namba ya siri kwa kanuni ambayo imekwisha kujulikana na wengi. Hapo kinga imekufa: anayeshika redio mkononi ameshika na ufunguo wake. Nadhani redio za kisasa zinazolitambua gari lake zenyewe, bila kumuuliza mtu, zimekuwa na huruma zaidi kwa mwenye gari.

Kabla ya kumlipa yeyote, pekua kitabu cha gari na droo ya dashibodi, maana kadi ya namba mara nyingi huachwa humo. Wakala wa kampuni naye huweza kuitafuta namba ukimpelekea kadi ya gari na namba ya usajili ya redio.

Magari ya mtumba kutoka Japani yana shida yake. Toyota nyingi zenye skrini ya ramani zinaweza kudai nywila iliyowekwa na mmiliki wa kwanza, ambaye humjui wala hutampata. Wapo mafundi wanaozifungua kwa malipo. Lakini uliza kwanza redio hiyo inafika masafa gani: FM ya Japani huishia megahezi 90 au 95, ilhali stesheni zetu zimetawanyika kuanzia 87.5 hadi 108. Unaweza kulipia namba, redio ikafunguka, na stesheni unayoipenda usiipate mpaka ufungiwe kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena.