Kuruka kwa Kipimo: Hatua za Mwanzo za Parkua

Mwaka 1997, katika vitongoji vya kusini mwa Paris, vijana tisa waliunda kikundi na kukiita Yamakasi. Jina hilo lilitokana na Kilingala, lugha ya Kibantu ya Kongo, na lina maana ya nguvu za mtu, mwili na roho. (Mswahili asije akadhani ni makasi ya fundi cherehani.) Filamu iliyobeba jina hilo ilitoka mwaka 2001, na tangu hapo vijana wengi duniani wameuona mchezo huu kwanza kupitia paa la ghorofa. Huo ni mwanzo mbaya.

Parkua ni ufundi wa kwenda kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa mwili mtupu, mtu akikimbia, akikwea na kuvuka vizuizi, bila kupoteza nguvu wala kujiumiza. Chimbuko lake ni mazoezi ya Georges Hébert, mwanamaji Mfaransa aliyeshiriki uokoaji huko Martinique mlima wa volkano ulipolipuka mwaka 1902. Raymond Belle, mzimamoto wa Paris, aliyafuata mazoezi ya aina hiyo na kumrithisha mwanawe David. Kwa hiyo parkua si sarakasi. Mwanasarakasi hutaka kutazamwa; mwanaparkua hutaka kufika.

Anayeanza hujifunza kutua kabla ya kuruka. Hutua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yakiwa yamekunjwa kiasi na kuelekea upande uleule wa vidole. Anayetua kwa visigino, au kwa miguu iliyonyooka kama mwiko, huupeleka mshindo wote magotini na katika uti wa mgongo. Sikio ni mwalimu mzuri hapa: mtuo wenye kishindo ni mtuo mbaya. Baada ya hapo hufuata kubingirika, ambako huanzia nyuma ya bega moja na kuukata mgongo kimshazari hadi nyonga ya upande wa pili. Kichwa hakigusi chini, wala mtu habingirikii juu ya uti wa mgongo. Zoezi hili huanzwa kwa kupiga magoti nyasini.

Mruko wenyewe hauhitaji ukuta. Mistari miwili iliyochorwa ardhini inatosha: mtu huruka kutoka mmoja na kutua juu ya mwingine bila kuyumba. Akiweza mara nyingi mfululizo, ahamie kwenye mawe mawili yasiyopita kimo cha kifundo cha mguu. Kwa kizuizi cha kimo cha kiuno, huweka juu yake mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, kisha akaupitisha mguu uliobaki katikati. Kushuka polepole kwa mikono nako ni ufundi, ingawa vijana wengi huudharau.

Kijana wa Kwanza hana haja ya ukumbi wa mazoezi. Uwanja wa shule wenye nyasi unamfaa, akiomba ruhusa. Hata hivyo, mazingira yana mitego yake. Kuta nyingi za mijini, Kitale na Bungoma zikiwemo, zimepachikwa vigae vya chupa juu. Nguzo za ua huliwa na mchwa kwa ndani. Mvua za masika zikinyesha, udongo mwekundu hunata kwenye soli na kuufanya ukuta uteleze kama mlenda. Kila kizuizi kikaguliwe kwa mkono, pande zote mbili, na viatu viwe vya kufunga kamba vyenye soli inayoshika. Ndara na akala huchomoka. Vijana wa makachu, wanaojirusha baharini pale Forodhani, Unguja, hungoja maji yajae. Wa bara naye ajue anapotua kabla ya kuiacha ardhi, maana mguu ukivunjika wakati wa kupanda mahindi, jembe lake litashikwa na mwingine.

Vipindi viwili au vitatu kwa juma vinatosha mwanzoni, na asiruke peke yake. Maumivu ya goti yasiyokoma baada ya siku chache za mapumziko yaonwe na daktari. Aliyegonga kichwa kisha akatapika au kuchanganyikiwa apelekwe hospitalini mara moja, hata akisema hajambo.