Usimnyang'anye kijana riwaya ya mahaba, soma naye

Kama una kijana wa shule ya sekondari nyumbani, yamkini umewahi kuona kitabu kinene kando ya mto wake wa kulalia. Ndani yake mna kisa cha msichana wa kawaida anayependwa na mnyonya-damu, na mwana wa mfalme wa majini, au na kijana awezaye kujigeuza mbwa mwitu. Wazazi wengi hushtuka. Wengine hukichukua kitabu na kukifungia kabatini.

Kabla hujafanya hivyo, ni vyema uelewe kitabu hicho kinafanya nini katika akili ya mwanao. Kina manufaa na kinaweza kuwa na madhara, na yote mawili hutoka mahali pamoja.

Si jambo geni

Visa vya majini na viumbe wa ajabu tumevijua tangu zamani za mabibi zetu. Hata Shaaban Robert, katika kitabu chake Adili na Nduguze, alitupa majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Siku hizi visa kama hivyo huandikwa mahususi kwa vijana, na mapenzi huwa ndiyo kiini chake.

Mfano mashuhuri ni Twilight, riwaya ya mwandishi Mmarekani Stephenie Meyer iliyotoka mwaka wa 2005. Ilifuatwa na nyingine tatu hadi mwaka wa 2008, na nakala zaidi ya milioni 100 zimeuzwa duniani. Jijini Nairobi utazikuta riwaya za namna hii kwa wachuuzi wa vitabu vilivyotumika, wanaovitandaza kandokando ya barabara.

Akili husafiri

Mwaka wa 2000, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Melanie Green na Timothy Brock, walichapisha utafiti kuhusu msomaji anayezama katika hadithi. Walisema akili yake ni kama imesafirishwa. Makini yake yote, hisia zake na picha anazojichorea kichwani huwa zimeelekea huko kwenye hadithi. Ndiyo sababu unamwita mwanao mara tatu naye haitiki. Si kiburi, hayupo.

Safari hiyo ina faida. Kijana anayehangaishwa na mitihani, au na maneno ya wenzake shuleni, hupata mapumziko ya kweli. Aidha, anaonja wivu, hofu ya kuachwa na furaha ya kupendwa bila yeye mwenyewe kuingia katika mahusiano ambayo umri wake haujayaweza. Pia anazoea kusoma kurasa mia nne bila kushurutishwa na mtu, jambo ambalo walimu wengi wanalitamani.

Hata hivyo, watafiti hao waligundua jambo la pili. Wasomaji waliozama zaidi ndio walioelekea zaidi kukubali mawazo yanayoendana na hadithi, na ndio waliotambua kasoro chache zaidi ndani yake. Kwa maneno mengine, mlango unaoingiza raha ndio huo huo unaoingiza mafunzo, mazuri na mabaya.

Ulinzi au kifungo?

Tuitazame tena Twilight. Edward, yule mnyonya-damu, anaingia usiku chumbani mwa Bella na kumtazama akilala, naye Bella hana habari. Katika kitabu cha pili anamwacha, na msichana anadhoofika kwa miezi na hata kuhatarisha maisha yake ili aisikie sauti ya mpenzi wake akilini. Katika kitabu cha tatu Edward anaharibu gari la Bella kwa makusudi ili asiweze kwenda kumwona rafiki yake.

Ndani ya riwaya, mambo haya yana udhuru: hatari ni ya kweli, na Edward anamlinda. Lakini katika mitaa yetu hakuna wanyonya-damu. Kijana anayetaka kujua uko wapi kila saa, anayepekua simu yako, anayekukataza marafiki au anayekuvizia njiani hakulindi. Anakutawala, na mara nyingi mateso makubwa huanzia hapo.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake nchini Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa au kudhuriwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Riwaya hazikuleta janga hili. Lakini msichana aliyezoea kuuona wivu kama dalili ya mapenzi anaweza kuchelewa kuitambua hatari inapobisha mlangoni.

Dawa si kuficha kitabu. Kikifichwa, atakisoma kwa siri, na hapo utakuwa umejifungia nje. Kisome wewe pia, kisha muulize kwa upole:

- Mvulana huyu angekuwa jirani yetu, si mnyonya-damu, ungesemaje juu ya tabia yake?
- Msichana alipokataa jambo, je, alisikilizwa?
- Marafiki zake na ndoto zake za maisha zilibaki, au zilimezwa na mapenzi?

Usimhubirie. Msikilize, na umwache afurahie kisa chake. Mtu anaweza kuipenda hadithi huku akijua kwamba shujaa wake hafai kuwa mchumba. Wavulana nao waulizwe maswali haya, kwani nao wanajifunza namna ya kupenda.

Majibu yake yakionyesha kwamba anayezungumziwa ni mtu halisi na si wa kitabuni, chukua hatua. Simu nambari 116 ya kuwasaidia watoto, na 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, hupigwa bila malipo.

Usingizi na macho

Wataalamu wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila usiku. Shida ni kwamba wakati wa kubalehe mwili huchelewa kuhisi usingizi, na riwaya tamu huuchelewesha zaidi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule anapaswa kuwa amelala kufikia saa tatu usiku. Asipolala vya kutosha, hasira huwa karibu na masomo hayashiki.

Kama anasomea kwenye simu, hali huwa mbaya zaidi. Mwishoni mwa mwaka wa 2014, watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 12. Waliposoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala walikawia kupata usingizi kwa takriban dakika 10 zaidi ya waliposoma kitabu cha karatasi, na homoni ya usingizi, melatonini, ilipungua. Kwa hivyo, usiku kitabu cha karatasi ni bora.

Mshauri pia aweke alama katikati ya sura, si mwishoni. Waandishi hawa humaliza sura pale pale penye mashaka ili msomaji afungue inayofuata.

Kuhusu macho, kusoma penye mwanga hafifu hakuyaharibu, ila huyachosha na kuleta maumivu ya kichwa. Kila baada ya dakika 20 ainue macho na kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Akikunja uso ili kuona ubao darasani, mpeleke akapimwe.

Lini uwe na wasiwasi?

Kusoma sana pekee si ugonjwa. Lakini akiacha kula vizuri, akiwakwepa marafiki, au akiwa na huzuni kwa wiki mbili au zaidi, huenda kitabu ni maficho tu na kuna jambo jingine linalomsumbua. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Na akitaja kujidhuru au kutotaka kuishi, usingoje hata siku moja.

Kwa wengine wote, jambo la kufanya ni rahisi. Wikendi hii, mwombe mwanao akuazime kitabu cha kwanza akikimaliza.