Maana Mbili za Kung'oa Jino

Neno letu kung'oa hutumika kwa kazi mbili zisizofanana. Na kwa kuwa neno ni moja, wako wazazi wa pande za Kinondoni na Temeke, katika Dar es Salaam, wanaodhani ya kuwa kazi nayo ni moja. Yafaa tuzitenganishe.

Ya kwanza ni kazi ya daktari wa meno. Huyu hulitazama kwanza jino lililooza. Huchoma sindano ya ganzi ufizini, hungoja hata ganzi ishike, ndipo hulilegeza jino na kulitoa kwa koleo safi. Kisha mgonjwa huuma kitambaa safi hata damu ikatike. Jino hilo limekwisha kuota, nalo hutolewa kwa sababu halitengenezeki tena.

Ya pili ni kung'oa yale yaitwayo "meno ya nailoni". Mtoto mchanga ashikwapo na homa au kuhara, mama huambiwa ya kuwa ufizi wa mwanawe una meno mabaya. Basi mganga wa mtaani huupasua kwa chombo cha ncha kali, bila ganzi, akatoa kitu cheupe, laini. Nao jamaa, wakiisha kukiona, huamini. Kumbe ni chipukizi la jino la chonge la utoto, ambalo lingetokeza lenyewe mtoto apatapo kama miezi 16 hata 20. Weupe ule na ulaini ule si ugonjwa: kila jino huanza hivyo.

Jina lenyewe nalo ni shahidi. Nailoni ilitangazwa huko Marekani mwaka 1938. Basi jina hili hatukulirithi kwa wahenga.

Hatari zake ni kutoka damu nyingi, pepopunda, na kuharibika kwa jino la ukubwani lililo chini yake. Tena kuhara kwenyewe hakukutibiwa. Mtoto huzidi kukaukiwa maji, akafa kwa ugonjwa ule ule wa kwanza, huku watu wakisema amechelewa kung'olewa.

Walimu wenzetu, mama akituletea habari hii tusimcheke, maana mwanawe aungua kwa homa, naye atafuta msaada. Tumwambie ampeleke zahanati upesi, akimnyonyesha njiani, atibiwe homa na kuhara. Ufizi wa mtoto auache; jino litakuja kwa wakati wake.