Mafuta ya Eyasi: Swali Si Kuwepo Tu, Bali Uzito Wake Huko Chini

WAFANYABIASHARA wa mafuta ya alizeti wanalijua pipa. Juu mafuta yanang'aa, chini kuna machicha. Mnunuzi mgeni huonja ya juu akalipa. Mzoefu huchovya kijiti hadi kwenye kitako. Mafuta ghafi yaliyomo ardhini nayo yana tabia inayofanana na hiyo, na kwa watu wa Karatu jambo hili si la mbali.

Bonde la Eyasi-Wembere, ambalo ncha yake moja iko kwenye Ziwa Eyasi, chini ya miteremko ya Ngorongoro, limekuwa likichunguzwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Shirika hilo lilichoronga visima vifupi vitatu vya utafiti, kisha ukafuata upimaji wa mitetemo ya ardhi. Hakuna hata pipa moja lililokwisha kuuzwa kutoka huko. Lakini neno "mafuta" likishatajwa, viwanja huweza kupanda bei kabla ya kisima.

Sehemu nyepesi za mafuta ghafi huelekea juu ya mwamba, nzito huelekea chini. Nzito kuliko zote huitwa asfalteni, chembe nyeusi zinazoyapa mafuta rangi na mnato kama wa lami. Tofauti na machicha ya alizeti, hizi si uchafu. Ni sehemu ya mafuta yenyewe. Mfano wa Yen-Mullins, uliotangazwa mwaka 2010, unazigawa katika hali tatu: molekuli moja ya nanomita 1.5 hivi, fungu la nanomita 2, na mkusanyiko wa mafungu wenye nanomita 5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mkusanyiko wa nanomita 5 una ujazo wa zaidi ya mara 15 ya fungu la nanomita 2, na kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo uzito unavyouvuta chini. Gesi iliyoyeyuka ikiwa nyingi, mafuta ya juu hushindwa kuzibeba asfalteni. Ndiyo maana mafuta mepesi ya kileleni yanaweza kuwa mazito sana makumi ya mita tu chini yake, hata kuishia kwenye tabaka la lami.

Wahandisi hushusha chombo kisimani, wakachukua sampuli kwenye vina mbalimbali na kupima weusi wa mafuta kwa mwanga. Vipimo hivyo huingizwa katika hesabu za mvutano wa dunia, joto na gesi, ukapatikana mstari unaoonyesha asfalteni zinavyoongezeka kwa kina. Sampuli za visima viwili zikiangukia mstari mmoja, ni dalili nzuri kwamba mwamba umeungana. Zikiachana, huenda kuna ukuta katikati.

Ukuta huo ni fedha. Mwamba uliokatika vipande huhitaji visima zaidi, na kila kisima kinataka barabara na eneo lake. Kwa Eyasi, jirani wa Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959, ambayo watalii wake ndio wanaojaza hoteli za Karatu, idadi ya visima si suala la wahandisi peke yao. Na bei nayo: mafuta yaliyo chini ya nyuzi 22.3 za kipimo cha API huhesabiwa mazito, na kwa kawaida huuzwa kwa punguzo, kwa kuwa kuyasafisha ni kazi na gharama zaidi.

Majirani wa Uganda wameonja. Waligundua mafuta ya kibiashara eneo la Ziwa Albert mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022, miaka 16 baadaye. Tatizo la mafuta yale ni nta: yakipoa, huganda. Kwa hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto la nyuzi 50. TPDC ina asilimia 15 ya hisa katika mradi huo, hivyo Mtanzania tayari anachangia gharama ya tabia ya mafuta ambayo hakuyachimba.

Taarifa ya Eyasi itakapotoka, mwenye fedha mkononi atafute ndani yake nyuzi za API, idadi ya sampuli na kina cha kila moja. Kama imetaja sampuli moja tu, shamba la vitunguu la Mang'ola lisiuzwe kwa ajili yake.